Sanaa si mkondo wa walioshindwa

Mwezi wa Desemba mwaka wa 2025, jamaa yetu ilipokutana nyumbani kwa ajili ya sikukuu, palizuka mjadala uliotukesha hadi usiku wa manane. Binti wa kaka yangu alikuwa amekamilisha Gredi ya 9, na katika mikondo mitatu ya sekondari pevu alikuwa amechagua Sanaa na Sayansi ya Michezo, akikusudia kusomea uigizaji na filamu. Kaka yangu, ambaye ni mhasibu na mtu asiyependa maneno mengi, alitamka sentensi moja tu: "Mimi sitalipa karo ili mtoto aende kucheza."

Msichana alinigeukia. "Ami, wewe ni mwalimu wa lugha. Mwambie baba."

Sikusema kitu usiku ule. Nilibaki nikikiwaza kitenzi alichokitumia kaka yangu. Katika Kiswahili, mtoto hucheza uani, mwanakandanda hucheza uwanjani, mwigizaji hucheza jukwaani na arusi inapofika sote hucheza ngoma. Kitenzi ni kimoja. Yamkini ndiyo sababu mzazi atajiwapo mkondo huu huona picha ya mtoto aliyeachiwa afanye apendavyo. Hata hivyo, neno sanaa lenyewe, ambalo asili yake ni Kiarabu, limebeba maana ya kazi ya ufundi. Na wahenga waliponena kwamba mcheza kwao hutunzwa, hawakuwa wakisifu uzembe. Kutunza huko ni kumpa mchezaji tuzo mbele ya watu wanaoijua kazi yake na wanaoweza kuipima.

Mapema mwaka huu wa 2026 nilialikwa kuzungumza na wazazi na wanafunzi wa shule moja ya umma ambayo imepewa mikondo yote mitatu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuhusu vipawa. Niliikunja baada ya dakika kumi, kwa maana niligundua kuwa waliokuwa mbele yangu walikuwa na mengi ya kunifunza.

Mama mmoja, mwuzaji wa mitumba, alisimama akasema: "Mwalimu, mimi sichukii muziki. Kanisani kwetu tunaimba kila Jumapili. Ninachouliza ni hiki: akimaliza, nani atamwandika?" Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini chumba cha muziki kina kinanda kimoja chenye vibonye vilivyokufa. Msichana wa Gredi ya 10 alieleza kwamba mwalimu wao wa uchoraji ni mtu mwema sana, ila ni mwalimu wa dini aliyeombwa kuziba pengo. Kisha akasimama mvulana mmoja aliyenyamazisha ukumbi mzima. Alisema, "Mimi sikuchagua sanaa. Niliambiwa alama zangu haziwezi sayansi."

Maoni haya hayatoki kwa watu wanaodharau sanaa. Wanachokihofia ni kupewa jina la sanaa bila sanaa yenyewe, na hofu hiyo ina msingi. Serikali ilipoupanga mfumo huu ilikadiria kwamba takriban asilimia 60 ya wanafunzi wangefuata Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, asilimia 25 Sayansi za Jamii, na asilimia 15 Sanaa na Michezo. Zaidi ya hayo, shule zenye mikondo miwili pekee hufundisha sayansi na masomo ya jamii. Sanaa ndiyo iliyoachwa nje. Mkondo unaowekwa mwisho katika hesabu huwa wa mwisho pia katika mgao wa walimu na vifaa.

Wenye umri wangu tumewahi kuyaona haya. Katika miaka ya 1990 mtihani wa KCPE ulikuwa na karatasi ya Sanaa, Ufundi na Muziki. Nakumbuka tukichora mistari mitano ubaoni na kukariri majina ya noti ambazo hatukuwahi kuzisikia zikipigwa kwa chombo chochote. Niliipita karatasi ile vizuri, na hadi leo siwezi kupiga hata zumari. Mtihani ulipokuja kupunguzwa masomo, karatasi hiyo ikaondolewa, na pamoja nayo vikaondoka hata vile vipindi vichache. Somo lililofundishwa kwa ajili ya mtihani pekee halikuwa na mtu wa kulililia lilipokufa.

Kwingineko nako njia hii haikuwa nyoofu. Jijini New York, Marekani, meya Fiorello La Guardia alianzisha mwaka wa 1936 shule ya umma ya muziki na sanaa, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Wanafunzi huingia kwa kuonyesha kazi zao au kusailiwa jukwaani, na wakiisha kuingia husoma hisabati na sayansi sawa na wenzao. Lakini mnamo 2019 mamia yao waliketi katika ujia wa shule kupinga jinsi alama za masomo ya kawaida zilivyokuwa zikipewa uzito kuliko vipawa. Baadhi ya wazazi waliwaunga mkono. Funzo ninalolipata ni kwamba hata penye walimu na kumbi, shule ya sanaa hudumu kwa sababu wanafunzi na wazazi wake huilinda.

Nasi hatukosi pa kuanzia. Tamasha la Muziki la Kenya lilianzishwa mwaka wa 1927, na kila mwaka walimu wetu huandaa kwaya, ngoma na tamthilia zinazostahili sifa, aghalabu baada ya saa za kazi. Walimu hao waajiriwe kama walimu wa sanaa, si kama wafadhili wa sanaa. Wakuu wa shule wakome kuwatupa mkondoni humu wale walioanguka kwingine, kwani anayelazimishwa huharibikiwa, na aliyechagua kwa moyo huaibishwa. Nasi wa vyuo vikuu tutangaze mapema ni kozi zipi zitawapokea wanafunzi hawa, badala ya kusubiri wafike mlangoni ndipo tuanze kukuna vichwa.

Kaka yangu hatimaye alikubali. Hakushawishiwa na maelezo yangu ya kitenzi cha kucheza. Alimsindikiza binti yake shuleni Januari, akaomba kuonyeshwa ukumbi, akaomba kumwona mwalimu wa uigizaji. Ukumbi aliuona. Kuhusu mwalimu aliambiwa kwamba ameombwa na angetumwa.

Alilipa karo, akanipigia simu akiwa njiani kurudi. "Umesema si mchezo, nami nimeamini," aliniambia. "Sasa waambie wenzako nao waamini."

Ndiyo maana nimeandika.