Hita ya Bwawa Ikigoma, Anza na Maji

Baridi ya Juni na Julai inapoishika Arusha, wenye mabwawa ya kuogelea nyumbani huwasha hita zilizolala kwa miezi, na wengi hukuta maji hayapati moto. Neno la kwanza ninaloambiwa kwenye simu ni kwamba hita imeungua. Mara nyingi haijaungua. Kifaa kimojawapo cha usalama kilichomo ndani yake kimeizuia isiwake, na kina sababu ya kufanya hivyo. Fundi anayefika na kipande cha waya, akakiunganisha ili umeme ukiruke kifaa hicho, hita ikawaka, akalipwa na kuondoka, hajatengeneza chochote. Amemwondoa mlinzi.

Kabla ya kushika bisibisi, tupige hesabu, maana lawama nyingine huishia hapo. Kupandisha joto la mita moja ya ujazo ya maji kwa nyuzijoto 1 kunahitaji uniti 1.16 za umeme. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Nyuzijoto 1 tu ni karibu uniti 56 za LUKU. Hita ya elementi yenye kilowati 12 itachukua saa nne na nusu na zaidi kuongeza nyuzi hiyo moja, na bado sijahesabu joto linalopotea usiku bwawa likiwa wazi. Aliyewasha asubuhi akitegemea maji yatoke nyuzi 20 hadi 27 ifikapo mchana hana hita mbovu. Kazi aliyoipa imeizidi. Hita ya aina ya pampu ya joto, inayochota joto la hewani na kulisukuma ndani ya maji kama friji iliyogeuzwa, hutumia robo hivi ya umeme huo hewa ikiwa na uvuguvugu, lakini nayo haina haraka.

Kama hesabu iko sawa na maji bado ni baridi, fuata njia ya umeme. Unatoka kwenye breka, unapita kwenye taima, halafu kwenye swichi ya mtiririko inayothibitisha kwamba maji yanapita, kisha kwenye thamostati na kinga ya joto la kupindukia, ndipo unafika kwenye koili ya kontakta. Kontakta ikivuta, elementi au kompresa hupata umeme wake mkubwa. Sehemu moja ikikatika, mashine nzima hutulia. Kazi ya fundi ni kujua umeme unaishia wapi, na kazi hiyo hufanywa kwa mita. Bisibisi ya testa haitoshi. Taa yake huwaka hata volti zikiwa zimeshuka sana, na waya wa nyutro ukikatika huko nyuma, testa huweza kuwaka pande zote mbili huku hita haifanyi kazi.

Katika mlolongo huo, ninapoanzia mimi ni kwenye swichi ya mtiririko, kwa sababu hitilafu nyingi zinazoitwa za umeme zimeanzia kwenye maji. Kikapu cha pampu kimejaa majani, vali imefungwa nusu, chujio la mchanga limeziba. Tazama geji: presha ikiwa imepanda zaidi ya nusu ba juu ya ile ya chujio likiwa safi, lisafishe kwa kugeuza mkondo wa maji, kisha washa tena. Mara nyingi hita huwaka bila mtu kugusa waya. Sasa fikiria swichi hiyo ingekuwa imerukwa kwa waya: elementi inawaka katika maji yaliyosimama, maji yanachemka ndani ya hita, bomba la plastiki linalainika, na elementi inapasuka. Ubovu wa shilingi chache umegeuka hita mpya.

Jambo la pili ni umeme mdogo. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Elementi ya kilowati 3 ikipewa volti 190 hutoa takriban kilowati 2 tu, kwani nguvu yake hushuka haraka kuliko volti zenyewe. Kompresa ni hatari zaidi: volti zikipungua, huvuta ampea nyingi zaidi, nyaya za ndani zikapata moto hadi zikaungua. Kwa hiyo pima volti kwenye terminali za hita yenyewe, ikiwa inafanya kazi. Kipimo kilichochukuliwa hita ikiwa imezimwa hakionyeshi kinachopotea njiani. Waya wa milimita mraba 2.5 uliovutwa mita 40 kutoka kwenye nyumba hupoteza zaidi ya volti 9 ukibeba ampea 16. Wa milimita mraba 6 hupoteza 4 hivi. Nyumba nyingi chumba cha mashine kiko nyuma ya bustani, na waya ulichaguliwa kwa bei.

Umeme ukikatika na kurudi, ipe pampu ya joto dakika tano kabla ya kuilaumu. Nyingi zimeundwa zisubiri ili presha ya gesi itulie. Ikivuma bila kuanza, mshukiwa ni kapasita, na asiyejua kuitoa chaji asiiguse, kwa sababu hubaki na umeme hata breka ikiwa imezimwa. Skrubu iliyolegea huacha alama ya hudhurungi na harufu ya plastiki iliyoungua. Sisimizi nao hupenda kuingia kwenye kontakta.

Nimeacha la uzito zaidi hadi sasa. Kama kifaa mafundi wanachokiita RCD kinajizima kila hita inapowaka, umeme unavuja. Kile cha miliampea 30 hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi, na tofauti hiyo ikifika kiwango chake, kinakata. Kisababishi cha kawaida ni elementi iliyoliwa na klorini au chumvi hadi ganda lake likatoboka, au boksi la maungio lililoingiwa na mvua. Fundi aitenge elementi, aipime kwa mega, yaani kipimo cha ukinzani wa kihami, ya volti 500. Ikisoma chini ya megaohmu 1, ibadilishwe. Anayependekeza kuondoa RCD "kwa sababu inasumbua", msindikize hadi getini.

Kibaya zaidi ni hita inayovuja bila chochote kujizima, kwa sababu hakuna RCD, na waya wa ethi haukufungwa au umekatika. Hapo mwili wa chuma wa hita hubeba umeme kimya, na mtu aliyelowa akiushika, yeye ndiye anakuwa njia ya kwenda ardhini. Ndiyo maana ngazi, reli, pampu, hita na nondo za bwawa huunganishwa zote kwa waya mmoja wa shaba, ili pasiwe na tofauti ya volti kati ya kitu na kitu ambavyo mtu anaweza kuvishika pamoja.

Yeyote akisema amesikia ganzi au mchomo ndani ya maji, usimwambie ni mawazo. Watu watoke kupitia ukingo wa saruji, wasishike ngazi ya chuma. Zima swichi kuu ya nyumba. Kama kuna aliyekwama, usijitose kabla umeme haujazimwa, kwa maana umeme ulio majini hukaza misuli na umezamisha waokoaji hodari. Kisha bwawa lifungwe hadi fundi umeme mwenye leseni apime mambo matatu mbele yako: mega ya hita na pampu, RCD ikikatwa kwa kifaa cha kupimia na si kwa kitufe chake pekee, na ukinzani kati ya ngazi, pampu, hita na ethi, ambao unapaswa kukaribia sifuri.