Mji Ukikopa, Nani Atakayelipa?

Hapana shaka wasomaji wetu wengi wanakumbuka kwamba mnamo Februari 2024 Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira ya Tanga iliwaendea wananchi na kuwaomba wakopeshe shilingi bilioni 53.12. Haikupiga hodi kwa mfadhili wa nje, wala haikukaa kungoja fungu la bajeti. Iliuza hatifungani, yaani hati ya ahadi kwamba kila aliyenunua atalipwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikitolewa mara mbili katika mwaka, kwa muda wa miaka 10, na mtaji wake utamrudia. Mauzo yalipofungwa, fedha zilizoletwa zilifikia bilioni 54.72. Mwezi wa Mei mwaka huo huo hati hizo ziliingizwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, zikawa za mwanzo za namna yake kwa kazi ya maji katika Afrika ya Mashariki.

Tanga si mbali nasi. Vyombo vya Pemba vinakwenda huko tangu enzi za mababu, na habari za huko hutufikia kabla ya magazeti. Basi si ajabu kuwasikia watu wakiuliza barazani: ikiwa Tanga wameweza, kwa nini mabaraza yetu ya Unguja na Pemba yasikope vivyo hivyo, yakajenga masoko, yakatengeneza mitaro, yakatia taa barabarani? Swali hili ni la haki. Tungependa leo kulijibu kwa uwazi, kwani wanaoliuliza ni wengi kuliko wanaolipima.

Kwanza tuwatoe wasiwasi wanaodhani kuwa jambo hili ni bidaa. Nchini Marekani miji, wilaya na mashirika ya umma hukopa kwa njia hii, na jumla ya madeni yao inafika kiasi cha dola trilioni 4. Johannesburg iliuza hatifungani yake mwaka 2004, na mwaka 2014 ikarudi sokoni na ya kijani, yaani ya kazi za kuhifadhi mazingira. Cape Town ikafuata na ya kijani mwaka 2017. Hapa Tanzania, sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilikwisha kuruhusu halmashauri za Bara kukopa kwa idhini ya Waziri, na mwaka 2022 Bunge likaondoa kodi ya riba juu ya hatifungani za manispaa zinazoandikishwa katika soko la Dar es Salaam. Mlango, kwa hiyo, umefunguliwa. Lililobaki ni kujua nani apite, na akiwa amebeba nini.

Tuutazame tena mkopo wa Tanga, maana ndani yake mna somo zima. Riba peke yake, kwa hesabu ya mwaka wa kwanza, ni karibu shilingi bilioni 7.2. Hizo si fedha za mchezo. Lakini mji ule unakopa ili uzalishe na kusambaza maji zaidi, na maji hupita kwenye mita, na mita hutoa ankara, na ankara hulipwa kwa shilingi. Deni ni la shilingi na pato ni la shilingi. Dola ikipanda bei, Tanga haikosi usingizi. Maji yenyewe hutoka mto Zigi, yakakusanywa katika bwawa la Mabayani, na mwenye kuyanywa ndiye mwenye kuyalipia. Kitu kilichonunuliwa kwa mkopo ndicho kitakachoulipa mkopo. Twaona kuwa hapo ndipo palipo na siri ya mafanikio yale, wala si katika hotuba za uzinduzi, ambazo sisi wenyewe tumewahi kuzitoa nyingi katika maisha yetu na twazijua uzito wake.

Sasa tuvuke bahari twende kwenye kisiwa kingine, kwa kuwa msomaji wetu wa visiwani ana haki ya kuonyeshwa kisiwa mwenzake.

Puerto Rico ni kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani. Sheria ya mwaka 1917 ilikipa bahati ambayo hakuna jimbo lililokuwa nayo: riba ya hatifungani zake haikutozwa kodi mahali popote pale katika Marekani. Wenye fedha wa New York, wa Boston na wa kila mji walizigombea. Kisiwa kikawa na mkopeshaji asiyechoka, na mkopeshaji asiyechoka ni mtihani mkubwa. Wakati huo viwanda vingi vilikuwa vimevutwa kisiwani kwa msamaha mwingine wa kodi. Mwaka 1996 Washington iliamua kuufuta msamaha huo pole pole, na ulipofika mwaka 2006 ulikuwa umekwisha kabisa. Viwanda vikaanza kufunga. Watu wakaanza kuhama. Pato likapungua, lakini matumizi ya serikali hayakupungua, na pengo likazibwa kwa kukopa.

Hapo ndipo yalipoharibika mambo. Fedha hazikuwa tena za kujenga bandari au kutandaza bomba. Zilikuwa za kuziba nakisi ya bajeti, na za kulipia madeni ya jana kwa madeni ya leo. Mwaka ule ule wa 2006 ilianzishwa kodi ya mauzo, na sehemu yake ikawekwa rehani kwa wenye hatifungani, hata ikawa mtu akinunua dukani anamlipa mkopeshaji ambaye hajapata kumwona. Mwaka 2015 Gavana akatangaza hadharani kwamba deni halilipiki. Mwaka 2016 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuunda bodi ya watu saba wa kusimamia fedha za kisiwa, watu ambao wananchi wa kisiwa hawakuwapigia kura. Mei 2017 kisiwa kikaenda mahakamani kikiwa na deni la hatifungani la zaidi ya dola bilioni 70, na juu yake kiasi cha bilioni 50 za pensheni zisizokuwa na akiba. Miezi minne baadaye kikaja kimbunga Maria.

Hebu tujiulize nani aliyelipa. Wenye hatifungani walipoteza, ndiyo, na miongoni mwao walikuwamo wazee wa kisiwa hicho hicho waliotia humo akiba ya uzeeni kwa kuiamini serikali yao. Skuli zilifungwa kwa mamia. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu milioni 3.8, ile ya mwaka 2020 ilihesabu chini ya milioni 3.3. Masuluhisho makubwa ya deni hayakuanza kazi mpaka Machi 2022, na shauri la shirika la umeme, lenye deni la kiasi cha dola bilioni 9, lilikuwa halijamalizika hata mwaka 2025. Mtoto aliyezaliwa mwaka kodi ile ya mauzo ilipoanzishwa alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na deni lingali mahakamani.

Hatuyasemi haya ili kumtisha mtu. Kuna pia New York, ambayo mwaka 1975 ilifika mahali ambapo hakuna aliyetaka kuikopesha tena, kwa kuwa ilikuwa ikikopa kwa muda mfupi ili kulipia gharama za kila siku. Mji ule uliokolewa dakika ya mwisho na fedha za pensheni za walimu wake. Tajiri na maskini wameanguka katika shimo lile lile.

Liko na shimo la namna nyingine, ambalo maofisa wetu wa Serikali wanapaswa kulitazama zaidi kuliko wananchi. Mji wa Dakar ulijiandaa kwa miaka kuuza hatifungani ya faranga bilioni 20 ili kuwajengea soko wachuuzi wa barabarani. Hesabu zilikaguliwa, vibali vikatafutwa, wataalamu wakalipwa. Mwezi wa Februari 2015, siku chache kabla ya mauzo, serikali kuu ilisimamisha kazi yote, na wachuuzi wakabaki barabarani. Meya alikuwa wa upande unaoshindana na Rais, na kila mmoja anaweza kuamua mwenyewe uzito wa jambo hilo. Sisi twasema hivi: ikiwa serikali kuu inaliruhusu baraza kukopa, iseme mapema na iandike masharti yake, na ikiwa hairuhusu, iseme mapema pia. Kibali kinachoweza kupokonywa asubuhi ya mauzo humpandishia mkopaji bei ya mkopo, kwa sababu mwenye fedha hukumbuka.

Turudi nyumbani. Kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi, wananchi wa visiwa hivi walipata maji bila ya kulipa, na jambo hilo lilikuwa moja ya matunda ya Mapinduzi ambayo hatuoni haya kuyataja. Mamlaka ya Maji iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na hapo ndipo watu walipoanza kuzoeshwa ankara. Mazoea hayo bado ni machanga. Wapo wanaolipa, wapo wanaolipa wakikumbushwa, na wapo, tena wenye nafasi zao, wanaoona kuwa kulipia maji ni kazi ya jirani. Mtu atakayependekeza kwamba nasi tufanye kama Tanga, aanze kwa kutuonyesha daftari la ankara zilizotolewa na zilizolipwa. Bila ya daftari hilo hatifungani ya maji itakuwa ni ahadi juu ya ahadi.

Masoko na vituo vya magari vina hali iliyo afadhali. Mwenye kibanda hulipa ushuru, na ushuru wake huonekana. Baraza lenye soko jipya linaweza kuhesabu vibanda, likajua pato la mwezi, likatoa gharama za usafi na ulinzi, na kinachobaki ndicho kipimo cha deni linaloweza kubebwa. Kama kilichobaki ni kidogo, deni liwe dogo. Hakuna aibu katika hatifungani ndogo. Aibu ni kukopa kwa kipimo cha tamaa ya kiongozi na kulipa kwa kipimo cha mfuko wa mchuuzi.

Liko na suala la riba, ambalo katika visiwa vyetu haliwezi kurukwa. Wananchi wengi hawatanunua karatasi yenye riba, hata iwe ya asilimia ngapi, na fedha zao zitabaki chini ya mto. Serikali ya Mapinduzi ililitambua hilo ilipozindua sukuk yake mwaka 2025, ambapo mnunuzi hupata fungu lake kutokana na mali iliyopo, wala si kutokana na fedha kuzaa fedha. Hiyo ilikuwa ni ya Serikali, si ya baraza la mji, lakini njia imeonyeshwa. Soko lililojengwa na kukodishwa lafaa sana kwa mpango wa namna hiyo, kwa kuwa kodi ya pango ni kitu kinachojulikana kwa kila mtu. Na tuliokaa vyuoni utotoni twakumbuka kuwa aya iliyo ndefu kupita zote katika Msahafu inahusu deni, na inataka liandikwe, liwe dogo au kubwa, na pawe na mashahidi. Walimu wetu walitufanya tuihifadhi kwa fimbo. Ingekuwa vyema kama wahasibu wa mabaraza nao wangeihifadhi.

Mustakabali wa soko hili, kwa maoni yetu, ni mzuri kwa wachache na mbaya kwa wengi. Mifuko ya pensheni na mabenki yenye fedha za kununua si mengi, na yote yanaweza kuikopesha Hazina, yakalala usingizi. Baraza la mji likitaka kuichota shilingi hiyo hiyo, lazima lije na kitu ambacho mkopeshaji anaweza kukihesabu kwa vidole: mita, vibanda, magati. Mamlaka na miji yenye vitu hivyo, na yenye hesabu zilizokaguliwa bila ya doa kwa miaka mitatu au minne mfululizo, itapata wanunuzi. Iliyobaki itapewa riba ya juu, au haitapata kitu, na pengine hilo la pili ni heri kwake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza jambo moja tu kwa waheshimiwa mameya, wenyeviti na makatibu wa mabaraza. Kabla ya kumwita mshauri yeyote kutoka Dar es Salaam au Nairobi, wabandike mlangoni pa ofisi zao, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, mapato na matumizi ya baraza kwa miaka mitatu iliyopita: kilichokusanywa, kilichotakiwa kukusanywa, na kilikokwenda. Waiache karatasi hiyo mwezi mzima, na wamweke karani wa kuwajibu watakaouliza. Tanga itakuwa inalipa mpaka mwaka 2034. Muda wa kujitayarisha tunao.