Pikipiki, Utelezi na Bima: Mafunzo Yatokanayo na Ajali

Barabara iendayo Mkuyuni, Matombo, Mvuha na hatimaye Kisaki huanzia Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, karibu na mji wa Morogoro. Kila siku pikipiki hupita hapo zikiwa zimepakia abiria, mikungu ya ndizi na mananasi. Upande wa mashariki wa milima hii hupata mvua nyingi, kwa kuwa pepo zitokazo Bahari ya Hindi hulazimika kupanda milima, hupoa, na kuangusha unyevu wake. Kwa hiyo dereva wa njia hii mara nyingi hukabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: mteremko, utelezi na mzigo.

Ajali inapotokea, wengi wetu husema kuwa ni bahati mbaya, na mazungumzo huishia hapo. Makala haya yanakusudia kwenda mbele zaidi kwa kujibu maswali mawili. La kwanza ni la fizikia: kwa nini pikipiki haiwezi kusimama papo hapo? La pili ni la hesabu na sheria: baada ya ajali, nani hubeba gharama? Ili kuyajibu tumchukue dereva wa kubuni, tumwite Mkude, anayempeleka mama mmoja mjini Morogoro. Pikipiki si yake. Anaiendesha kwa mkataba, na kila juma humpelekea mwenye chombo fedha walizokubaliana.

Umbali wa kusimama

Tuseme Mkude anakwenda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kwa sekunde. Ghafla mtoto anavuka barabara. Jicho la Mkude linaona, ubongo unatambua, mkono na mguu vinakwenda kwenye breki. Kazi hiyo huchukua kama sekunde moja, na katika sekunde hiyo pikipiki imekwisha kwenda mita 17 bila kupunguza mwendo hata kidogo.

Breki zinapokamata, kinachoisimamisha pikipiki ni msuguano kati ya mpira wa tairi na barabara. Katika lami kavu, dereva wa kawaida aweza kupunguza kasi yake kwa kiasi cha mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde. Lami ikilowa, hasa ikiwa na mchanga au tope, kiasi hicho chaweza kushuka hadi 3. Umbali wa kufunga breki hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa kasi yenyewe, kisha kugawanya kwa mara mbili ya kiasi hicho. Tukiongeza umbali wa sekunde ile ya kwanza, tunapata jumla zifuatazo:

Kilomita 40 kwa saa: lami kavu mita 21, lami yenye utelezi mita 32.
Kilomita 60 kwa saa: lami kavu mita 40, lami yenye utelezi mita 63.
Kilomita 80 kwa saa: lami kavu mita 63, lami yenye utelezi mita 105.

Mwanafunzi atatambua jambo moja muhimu. Kasi ikiongezeka mara mbili, kutoka 40 hadi 80, umbali wa kusimama unaongezeka mara tatu au zaidi. Sababu ni kwamba nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Pikipiki pamoja na watu wawili yaweza kuwa na tungamo la kilo 250. Kwa kasi ya kilomita 40 ina nishati ya jouli 15,000 hivi. Kwa kasi ya kilomita 80 ina zaidi ya jouli 61,000. Nishati yote hiyo lazima iishie mahali fulani. Isipoishia katika breki kama joto, itaishia katika chuma kilichopinda na mifupa iliyovunjika.

Mteremko nao huongeza hatari. Katika mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10, uzito wenyewe huvuta pikipiki mbele, na uwezo wa kupunguza mwendo kwenye utelezi hushuka kutoka 3 hadi karibu 2. Sasa Mkude anayekwenda kilomita 60 kwa saa anahitaji mita 86. Mtoto yuko mbele yake mita 50. Hapo ustadi wa mkono hausaidii tena. Uamuzi wa kuokoa maisha ulipaswa kufanywa mapema, kwa kupunguza mwendo. Kwa kilomita 40, katika mteremko uleule na utelezi uleule, angesimama katika mita 42.

Kofia ngumu hufanya kazi gani?

Mkude anakwepa, tairi zinateleza, wote wawili wanaanguka. Kichwa kinachoanguka kutoka kimo cha mtu hufika chini kwa kasi ya mita 6 hivi kwa sekunde. Tukichukua tungamo la kichwa kuwa kilo 5, nishati yake ni jouli 90. Kichwa kisicho na kofia husimama ndani ya milimita chache tu. Ikiwa ni milimita 5, kani ya wastani ni nyutoni 18,000. Ndani ya kofia ngumu mna povu gumu ambalo husagika na kumpa mwanadamu umbali zaidi wa kusimama. Umbali huo ukiwa sentimita 3, kani hushuka hadi nyutoni 3,000, yaani sehemu moja ya sita.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hueleza kuwa kofia iliyo bora na iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kifo kwa zaidi ya asilimia 40, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 70 hivi. Neno "sawasawa" lina uzito. Kofia isiyofungwa mkanda huruka kabla ya kichwa kufika chini. Vilevile, povu lililokwisha kusagika halirudi katika hali yake. Kofia iliyopata pigo kubwa imemaliza kazi yake hata kama gamba la nje linang'aa. Abiria naye anahitaji kofia yake, kwa kuwa sheria za fizikia hazimbagui aliyekaa nyuma.

Dakika za kwanza baada ya ajali

Jambo la kwanza ni kuzuia ajali ya pili. Magari mengine yaonywe, injini izimwe, na moto uwe mbali, kwani mvuke wa petroli hutambaa chini na huwaka kwa cheche ndogo. Wakazi wa Morogoro wanalijua somo hili kwa uchungu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wakiwamo waendesha bodaboda.

Majeruhi asiinuliwe ovyo, wala kofia yake isivutwe kwa nguvu, maana uti wa mgongo waweza kuwa umeumia. Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi. Kisha apelekwe hospitali na polisi wajulishwe. Polisi hutoa hati ya PF3, ambamo daktari huandika majeraha aliyoyaona. Hati hiyo ni ushahidi, kama zilivyo ramani ya tukio na ripoti ya ukaguzi wa chombo.

Bima ni hesabu ya wengi

Mama yule amevunjika mguu. Matibabu na miezi ya kukaa bila kulima ni gharama ambayo Mkude hawezi kuibeba peke yake. Hapo ndipo ilipo maana ya bima. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba wenye pikipiki 10,000 wanachangia mfuko mmoja, na katika mwaka pikipiki 1 kati ya 100 hupata ajali. Hakuna ajuaye ni ipi, lakini mfuko waweza kutarajia ajali 100 hivi. Hesabu za uwezekano huonyesha kuwa idadi hiyo kwa kawaida hupanda au kushuka kwa kipeuo chake cha pili, yaani 10, au asilimia 10. Lakini mfuko wa pikipiki 100 hutarajia ajali 1, na kupanda au kushuka kwake ni asilimia 100. Kwa hiyo, kadiri wachangiaji wanavyozidi ndivyo jambo lisilotabirika kwa mtu mmoja linavyotabirika kwa wote.

Nchini Tanzania, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa ndilo pekee lenye kazi hiyo. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi. Leo biashara hii husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Mtu wa tatu ni nani?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hukataza kutumia chombo cha moto barabarani bila bima ya dhima kwa mtu wa tatu. Katika mkataba, mtu wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni mwingine aliyeumizwa: mtembea kwa miguu, au abiria anayesafirishwa kwa malipo. Mama yule, basi, ni mtu wa tatu. Mkude mwenyewe siye. Bima hii ndogo haimtibu yeye wala haitengenezi pikipiki. Chombo hulindwa na bima kubwa, na majeraha ya dereva huhitaji kinga ya ziada au bima ya afya. Madereva wengi huligundua jambo hili wakiwa wodini, huku mwenye chombo akidai fedha za mkataba.

Zaidi ya hayo, pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, kumbe inabeba abiria kwa malipo, yaweza kuzusha mgogoro wakati wa kudai. Hali kadhalika dereva asiye na leseni au aliyelewa. Mwenye bima aseme kweli tangu mwanzo, na ahakikishe kwa namba ya usajili kuwa bima yake imo katika kumbukumbu za Mamlaka.

Ajali ikishatokea, kampuni ijulishwe mapema kwa maandishi. Mdai atunze PF3, ripoti za polisi, vyeti vya hospitali na stakabadhi zote, na asitie sahihi karatasi ya kumaliza dai kabla ya kujua kama majeraha yamepona. Asiporidhika, aweza kupeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au mahakamani.

Fizikia humfundisha dereva kuizuia ajali. Bima humsaidia aliyeumia ajali isipozuilika. Wala moja haichukui nafasi ya nyingine, kwa sababu fidia hailipi mguu kwa mguu.

Maswali ya kufanyia kazi

1. Tafuta umbali wa kusimama kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa kwenye lami tambarare yenye utelezi.
2. Kofia ikisimamisha kichwa katika sentimita 2 badala ya 3, kani ya wastani itakuwa nyutoni ngapi?
3. Mfuko wa bima una pikipiki 400. Ikiwa 1 kati ya 100 hupata ajali kwa mwaka, je, mfuko huu ni salama kuliko ule wa pikipiki 10,000? Eleza.