Fahamu: Kwa nini ardhi ya kilimo duniani inapungua huku mashamba yakiongezeka?

Takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zinaonyesha kuwa ardhi ya kilimo duniani ni takriban hekta bilioni 4.8, zaidi ya theluthi moja ya nchi kavu. Tangu miaka ya 2000 eneo hilo limepungua kidogo. Msomaji asidhani kwamba misitu imepona.

Hesabu hiyo hujumlisha malisho na mashamba ya mazao. Kilichopungua ni malisho, ambayo ni karibu theluthi mbili ya eneo lote. Mashamba yameongezeka, hasa Afrika kusini mwa Sahara na Amerika Kusini, na sehemu kubwa ilikuwa msitu au mbuga.

Shamba pia huweza kurudi kuwa pori. Mwaka 1954 Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alianzisha kampeni ya kulima ngano katika nyika za Kazakhstan na Siberia. Mamilioni ya hekta yalilimwa, kisha upepo ukapeperusha udongo. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, ruzuku zilikatika, mashamba ya serikali yakafilisika, nyasi zikarejea. Baadhi yamelimwa tena.

Kwetu Afrika watu wanaongezeka, mavuno kwa hekta ni madogo, mbolea ni ghali na umwagiliaji ni haba, hivyo mkulima hufyeka eneo jipya. Kumlaumu ni kumwonea. Serikali zimpatie mbegu bora, maji na mbolea anayoimudu, avune zaidi kwenye shamba alilo nalo.