Mapigo 150 kwa Dakika: Je, Ni Kawaida?

Tarehe 14 Julai 2015, kwenye mlima wa La Pierre-Saint-Martin kusini mwa Ufaransa, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliwaacha washindani wake wote wa mashindano ya baiskeli ya Tour de France akapanda peke yake hadi kileleni. Wengi walimshuku kuwa anatumia dawa zilizokatazwa michezoni. Wiki moja baadaye timu yake ya Sky ikatoa hadharani takwimu za kupanda kule, kazi ya dakika kama 41: nguvu ya wastani wati 414, mapigo ya moyo ya wastani 158 kwa dakika, na mapigo ya juu kabisa 174.

Mabishano yalikuwa juu ya wati. Mimi nakuomba utazame hiyo 174. Froome alikuwa na umri wa miaka 30, na kwa kanuni maarufu ya kuchukua 220 na kutoa umri, moyo wake ulitakiwa uweze kufika 190. Siku aliyojitoa kwa nguvu zake zote alikuwa mapigo 16 chini ya hapo. Huenda uchovu wa mashindano ulichangia, kwa kuwa mwili uliochoka huyazuia mapigo yasipande, lakini kanuni yenyewe ina tatizo kubwa zaidi.

Kanuni hiyo ilienea baada ya mwaka 1971, kupitia andiko la daktari Samuel Fox na wenzake wa Marekani. Hawakufanya utafiti uliopangwa kwa ajili ya kuitafuta; walikusanya matokeo ya wengine wakachora mstari uliokaribiana nayo. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walichambua tafiti zaidi ya 300 wakapendekeza hesabu nyingine: 208, toa asilimia 70 ya umri wako. Hii ni bora, hasa kwa wenye umri mkubwa, kwani mtu wa miaka 60 anapewa 166 badala ya 160. Hata hivyo nayo ni wastani wa kundi. Watu wawili wa miaka 45, wote wazima, mmoja anaweza kuishia 162 na mwenzake 190. Ukimwambia wa kwanza aendeshe kwa saa tatu kwenye mapigo 150 umemtesa. Wa pili atakuwa anapiga soga njia nzima.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama 150 ni kawaida, nami humuuliza: dari yako iko wapi, na sakafu yako iko wapi?

Dari, yaani mapigo ya juu kabisa, ni suala la maumbile na umri. Mazoezi hayaipandishi, na kuwa nayo ya chini si dalili ya udhaifu. Kinachobadilika kwa mazoezi ni kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa pigo moja. Mtu aliyepumzika anahitaji takriban lita 5 za damu kwa dakika. Asiyefanya mazoezi huzipata kwa mapigo 70 yenye mililita 70 kila moja. Aliyeendesha baiskeli kwa miaka kadhaa, moyo wake umepanuka na kujaa vizuri zaidi. Akisukuma mililita 110 kwa pigo, mapigo 45 yanamtosha. Ndiyo maana sakafu, yaani mapigo ya asubuhi kabla hujainuka kitandani, hushuka polepole kadiri msimu wa mazoezi unavyosonga.

Mwanafiziolojia wa Finland, Martti Karvonen, aliziunganisha dari na sakafu katika kazi yake ya mwaka 1957, na mpaka leo sijaona njia rahisi iliyo bora kuliko yake. Toa sakafu kwenye dari. Kinachobaki ndiyo akiba yako. Mwenye dari ya 185 na sakafu ya 55 ana akiba ya mapigo 130. Mazoezi ya ustahimilivu hufanyika kati ya asilimia 50 na 70 ya akiba, kisha unarudisha sakafu juu yake: kwa huyu ni kuanzia 120 hadi 146. Mwenye dari ya 165 na sakafu ya 70 anapata takriban 118 hadi 136. Wakiongozana barabarani wote wakiwa kwenye 140, mmoja yuko ndani ya eneo lake na mwingine ameshatoka, ingawa saa zao zinaonyesha namba ileile.

Dari usiikisie. Pasha mwili moto kwa dakika 20, tafuta mlima wa dakika tano au sita, ongeza juhudi kila dakika, na dakika ya mwisho simama kwenye pedali utoe ulichobakiwa nacho. Namba ya juu utakayoiona ndiyo ya kufanyia kazi. Jaribio hili lifanyie juu ya baiskeli, si kwa kukimbia, kwa sababu anayekimbia hubeba uzito wake wote na mapigo yake kwa kawaida huwa juu kwa 5 hadi 10. Mwenye zaidi ya miaka 40, au mwenye kisukari, shinikizo la damu au ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, amwone daktari kabla ya kujaribu.

Sasa nije kwenye kosa linaloniumiza zaidi nikitazama makundi ya Jumamosi yanavyotoka Nairobi kuelekea Ngong au Dar es Salaam kuelekea Bagamoyo. Watu wanaziita safari ndefu za kujenga pumzi, lakini kila kilima kinakuwa mashindano. Mwisho wa siku mazoezi hayakuwa mepesi kiasi cha kurudiwa kesho yake, wala mazito kiasi cha kujenga kasi. Mtafiti Stephen Seiler, aliyefanya kazi yake Norway, alionyesha kwamba wanamichezo bora wa masafa marefu hufanya takriban asilimia 80 ya vipindi vyao kwa juhudi nyepesi. Kwenye juhudi hizo misuli hujifunza kuchoma mafuta, mishipa midogo ya damu huongezeka, na mitokondria, vile viwanda vya nishati ndani ya seli, huzidi kuwa vingi. Kipimo chake hakihitaji hata saa: uweze kusema sentensi nzima bila kuikatiza kwa kuhema. Kama unamjibu mwenzako kwa neno mojamoja, punguza gia, hata ikibidi uachwe.

Halafu kuna joto, na kwa watu wa pwani jambo hili linastahili nafasi yake. Umetoka Mombasa alfajiri kwa mapigo 130. Saa ya tatu ya safari, kasi ni ileile, barabara ni ya tambarare, lakini saa inasoma 143. Hukuzembea. Jasho limepunguza maji ya damu, na sehemu ya damu iliyobaki inapelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe. Damu inayorudi moyoni inapungua, kila pigo linasukuma kidogo, na moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Unyevunyevu wa pwani huzidisha hali hiyo, maana jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kunywa mapema na mara kwa mara, na ukubali kupunguza kasi ili ubaki ndani ya eneo lako. Baada ya wiki moja au mbili za kuzoea joto, pengo hilo kati ya mapigo ya mwanzo na ya mwisho hupungua. Makocha wengi hulitumia kama kipimo: kwa juhudi isiyobadilika, wastani wa mapigo wa nusu ya pili ya safari ukizidi wa nusu ya kwanza kwa chini ya asilimia 5, ustahimilivu wako umekomaa.

Mwinuko nao hupandisha mapigo. Kigali, palipofanyika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, pako karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Dar es Salaam akaendesha huko kwa juhudi zake za kawaida ataona namba kubwa katika siku za mwanzo, kwa sababu kila pumzi inaleta oksijeni pungufu.

Saa za mkononi zinazopima kwa mwanga hukosea mara nyingi kwenye baiskeli, kwa kuwa mkono umekaza usukani na barabara inautikisa. Mkanda wa kifuani, unaonasa umeme wa moyo wenyewe, huaminika zaidi.

Sakafu ikipanda asubuhi kwa mapigo 7 au 10 kuliko kawaida yako, pumzika. Inaweza kuwa uchovu au usingizi mchache, na kwetu inaweza kuwa malaria inayoanza, kapime. Maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuzimia, au mapigo yanayoruka bila mpangilio ni sababu ya kushuka kwenye baiskeli papo hapo na kwenda hospitali, hata kama namba ni 110.

Na anayetumia dawa kama atenolol, bisoprolol au propranolol asizifuate hesabu hizi: dawa hizo hushusha mapigo wakati wa kupumzika na wa mazoezi pia, na 120 yake inaweza kuwa kazi nzito. Huyo aongozwe na pumzi na maongezi, na asiache dawa ili tu namba za saa zipande.