Sher Shah, Mfalme wa Miaka Mitano

Watu wa Unguja walihesabu fedha kwa rupia hata mwaka 1936, ndipo shilingi iliposhika mahali pake. Rupia ilitoka Bara Hindi, na mfalme aliyeamuru sarafu ya jina hilo ipigwe kwa uzani mmoja alikuwa Sher Shah, ambaye alitawala miaka mitano tu.

Jina lake la kwanza lilikuwa Farid. Ukoo wake ulikuwa wa Sur, katika Wapashtuni, watu wa milima ya Afghanistani. Baba yake alipewa nchi ya Sasaram, katika Bihar, aitunze. Farid hakupatana na mama yake wa kambo, akatoka nyumbani akaenda kusoma katika mji wa Jaunpur. Baadaye akamtumikia mtawala wa Bihar, na husimuliwa ya kuwa alimwua chui milia, akaitwa Sher Khan.

Siku hizo mfalme wa Delhi alikuwa Humayun. Mwaka 1539, huko Chausa, Sher Khan alilishambulia jeshi lake alfajiri, askari wangali wamelala. Humayun alijitosa katika mto Ganges, naye angalikufa maji, kama mchukuzi wa maji mmoja asingalimpa kiriba kilichojaa upepo akavukia. Mwaka 1540 alishindwa tena, akakimbia hata akafika Uajemi. Basi Sher Khan akawa Sher Shah.

Hakuwa kijana tena, wala hakupoteza siku. Aliitengeneza njia kuu itokayo Bengali mpaka mto Indus, akapanda miti ya kivuli kandokando yake. Kila baada ya mwendo mfupi alijenga nyumba ya wasafiri yenye kisima. Wahindu walikuwa na mahali pao, na Waislamu pao. Humo pia waliwekwa farasi wa matarishi, hata habari za mbali zikamfikia mfalme upesi. Msafiri akiibiwa, wakuu wa kijiji cha karibu walishikwa mpaka wamtoe mwivi, au walipe mali iliyopotea. Sheria hiyo ilikuwa kali, maana mtu asiye na hatia aliweza kuadhibiwa. Lakini wafanya biashara walilala usingizi njiani. Tena mashamba yalipimwa, na mkulima akapewa hati ya kodi yake, asitozwe zaidi.

Mwaka 1545 aliizingira ngome ya Kalinjar, iliyo juu ya mlima. Tarehe 22 Mei askari wake walikuwa wakirusha makombora ya baruti. Moja likagonga ukuta, likarudi, likaangukia rundo la mengine, yakalipuka yote. Mfalme alikuwa amesimama karibu, akaungua vibaya sana. Lakini hakukubali vita visimamishwe. Ngome ikatekwa siku ile ile, akaletewa habari, kisha akafa.

Jamaa zake wakagombania ufalme, na mwaka 1555 Humayun akarudi Delhi. Mwanawe, Akbar, akaendelea kupiga rupia na kupima mashamba, kama alivyofanya adui wa baba yake. Sher Shah amezikwa Sasaram, katika jengo kubwa la mawe lililo katikati ya ziwa.