Mechi ni Moja, Dikoda ni Ngapi? Unacholipia Hasa Unapolipia Mpira

Jumamosi jioni, saa moja na dakika kumi, tulikuwa Spring Valley, kwenye barabara moja inayochomoka Lower Kabete Road. Mechi ilikuwa inaanza saa moja na nusu. Soja wa geti tuliyokuwa tumesimama karibu nayo alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, uso umekunjamana.

"Wakubwa, nyinyi si ndio watu wa malipo? Nimelipia dikoda ya nyumbani, meseji imeingia, lakini watoto wananipigia wanasema bado imefungwa."

Nyumbani ni Kangemi, ng'ambo ya Waiyaki Way. Tulimwomba asome ile meseji polepole, halafu ampigie mkewe amsomee nambari iliyo kwenye kadi ya dikoda. Tarakimu mbili zilikuwa zimepishana. Pesa ilikuwa imefika kwa kampuni sawasawa, ila imeingia kwa dikoda ya mtu mwingine kabisa.

Tutarudi kwake. Kwanza kuna swali alilotuuliza tukisubiri simu ya huduma kwa wateja ipokelewe, na ni swali ambalo hata mwenye nyumba, aliye na dishi juu ya paa na kifurushi kikubwa, analiuliza kila mwisho wa mwezi: "Mbona mpira huu lazima niulipie kwa hawa hawa tu? Kwani wengine hawawezi kuuonyesha?"

Wengine wamejaribu. Mwaka 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilipoanza, kampuni iliyoitwa GTV iliingia Kenya na nchi nyingine za Afrika ikiwa na silaha moja kubwa: ilikuwa imenunua haki za karibu asilimia 80 ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa misimu mitatu. DStv, iliyokuwa imezoea kutawala uwanja huo, ikabaki na kipande kidogo. Mabaa yakabadilisha dishi. Watu wakasema sasa ushindani umefika, bei itashuka.

Tarehe 30 Januari 2009, katikati ya msimu, GTV ilifunga. Skrini zikawa nyeusi. Haki zikarudi kwa SuperSport ya MultiChoice, yaani DStv, na aliyekuwa amelipia GTV mapema alibaki na kisanduku cha kuwekea vitambaa. Baadaye Kwesé, ya kundi la Econet, ilijaribu bahati yake katika nchi kadhaa za Afrika kuanzia 2017, na kufikia 2019 nayo ilikuwa imeondoka.

Sababu ya haya yote haihitaji shahada. Ukienda dukani na unga wa kampuni moja umepanda, unachukua wa kampuni nyingine na ugali utapikika. Mpira hauko hivyo. Mechi ya Arsenal na Manchester United haina mbadala. Huwezi kumwambia shabiki wa Gor Mahia atazame timu nyingine kwa sababu ni rahisi. Haki za kuonyesha huuzwa kwa mnada, mara nyingi kwa mnunuzi mmoja kwa kila eneo na kwa miaka kadhaa. Ushindani mkali upo, lakini unafanyika kwenye ule mnada. Ukifika kwako wewe umeshakwisha, na gharama ya mshindi iko ndani ya kifurushi chako.

Je, kama sheria ingelazimisha haki zigawanywe? Uingereza walijaribu. Tume ya Ulaya ilisukuma hadi Ligi Kuu ikakubali kwamba mnunuzi mmoja asichukue mechi zote, na kuanzia msimu wa 2007 kampuni ya Setanta ikapata mafungu mawili kati ya sita, Sky ikabaki na manne. Kwa shabiki aliyetaka kuona kila mechi inayoonyeshwa, matokeo yalikuwa kulipia sehemu mbili badala ya moja. Setanta ya huko ilianguka Juni 2009, miezi michache tu baada ya GTV. Kwa hiyo mtu akikuambia "kampuni zikiwa nyingi utalipa kidogo", muulize kwanza: nyingi za nini? Nyingi za mechi ile ile, au kila moja na mechi zake?

Hata hapa nyumbani ndivyo ilivyo. StarTimes ilijijengea jina kwa Bundesliga ya Ujerumani kuanzia 2015. Ukitaka Simba na Yanga, unatafuta Azam. Ligi yetu wenyewe imehama hama: SuperSport iliionyesha kwa miaka mingi, ikajiondoa 2017 baada ya ligi kuongezwa hadi timu 18, StarTimes wakaja, na mwaka 2023 FKF ikatia saini na Azam. Shabiki wa AFC Leopards anayefuata pia Ligi Kuu ya Uingereza amejikuta na dikoda mbili na rimoti ambazo hazijulikani ni ya ipi.

Na mnunuzi mkubwa naye amenunuliwa. Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice.

Kuwa na haki za kipekee peke yake si kosa kisheria. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza mwenye nguvu sokoni kuitumia vibaya nguvu hiyo, na Mamlaka ya Ushindani ndiyo husikiliza malalamiko ya aina hiyo. Kwa huduma mbovu ya utangazaji, ofisi za Mamlaka ya Mawasiliano ziko hapo hapo Waiyaki Way. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa habari unazohitaji kuhusu unachonunua, na haki ya fidia ukipata hasara kwa bidhaa au huduma yenye kasoro. Watu wachache hukitumia. Tunadhani ni kwa sababu mtu akikosa mechi, kufikia Jumatatu hasira zimepoa.

Mnada huwezi kuubadilisha, ila mfuko wako unaweza kuupangia. Sisi tunapenda hesabu hii: chukua bei ya kifurushi, gawa kwa mechi ulizotazama kweli mwezi uliopita. Tuseme unalipa 3,000 na ulitazama nne. Hiyo ni 750 kwa mechi. Ukumbi wa mabati unaweza kukutoza 50, na kelele za bure. Labda bado nyumbani ni bora, una watoto na kuna katuni pia, lakini lipa ukijua. Angalia na kalenda: Juni na Julai ligi imelala, na zile wiki za mechi za kimataifa huwa kimya. Wenye vifurushi vya wiki au vya siku wanakupa nafasi ya kulipia wiki yenye mechi yako tu. Punguzo la kulipa mwaka mzima linavutia, sawa, lakini wakumbuke wa GTV.

Usilipe dakika kumi kabla ya mechi. Mitandao hujaa wakati huo, na ukikosea hakuna muda wa kurekebisha. Jina la kampuni litaonekana unapolipa, lakini hilo linathibitisha kampuni tu, si dikoda. Nambari ya kadi ni jukumu lako. Ipige picha uiweke kwenye simu. Ukikosea, pigia kampuni ya televisheni mara moja ukiwa na nambari ya muamala, maana pesa iko kwao, na uombe ihamishwe kwa kadi sahihi.

Halafu kuna wale wa kwenye makundi ya WhatsApp wanaosema wana "mtu wa ndani" atakayewasha kifurushi kikubwa kwa nusu bei. Wanaomba utume kwa nambari ya mtu binafsi. Wateja wametulilia sana juu ya hao, na pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu.

Soja wetu simu yake ilipokelewa saa mbili kasoro, kipindi cha kwanza kikiendelea. Waliandika malalamiko, wakamwambia asubiri. Jumatatu asubuhi malipo yalihamishwa kwa kadi yake. Ile mechi watoto waliisikiliza kwenye redio ya jirani, na baba yao akawa anapigiwa simu kila bao.